Ukuta, Antena na Sharti la Unyonge: Historia ya Mawimbi ya Wi-Fi Majumbani

Udhaifu wa mawimbi ya Wi-Fi ndani ya nyumba, ambao humfanya mtumiaji wa kompyuta mpakato ahame chumba hadi chumba akitafuta mahali ambapo mtandao unashika, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kasoro ya kifaa au uzembe wa kampuni inayouza huduma. Historia inatoa maelezo mengine. Mawimbi hayo ni dhaifu kwa sababu yalizaliwa chini ya sharti la kuwa dhaifu: tarehe 9 Mei 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) iliwaruhusu wananchi kurusha mawimbi ya redio bila leseni katika vipande vitatu vya masafa, na malipo ya uhuru huo yakawa kwamba nguvu ya mtambo isizidi wati 1, na kwamba mrushaji asiwe na haki ya kulalamika pindi mawimbi ya wengine yanapomwingilia. Nchi za Ulaya ziliporuhusu jambo hilohilo zilibana zaidi, zikaweka kikomo cha miliwati 100, yaani sehemu moja ya kumi ya wati, kwa masafa ya gigahezi 2.4, na katika hesabu hiyo zikaujumlisha hata msaada unaotokana na antena. Mbinu nyingi zilizobuniwa baadaye ili mtandao ufike chumba cha mwisho zimekuwa jitihada za kuishi ndani ya sharti hilo, na ndiyo maana zimehusu zaidi namna ya kusikia kuliko namna ya kupaza sauti.

Masafa yenyewe hayakuwa mali iliyogombewa. Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City mwaka 1947 ulikuwa umetenga baadhi ya masafa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, yaani kwa mitambo inayotumia mawimbi ya redio kupasha joto au kuyeyusha vitu bila kupeleka ujumbe wowote, na mwaka huohuo kampuni ya Raytheon ilianza kuuza jiko la maikrowevu lililotokana na ugunduzi wa mhandisi wake Percy Spencer. Majiko hayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, maana yake mawimbi yake hutikisika mara bilioni 2.45 kwa sekunde, na kiasi kidogo cha nguvu yake huvuja nje ya mlango. Kwa wahandisi wa redio sehemu hiyo ya masafa ilikuwa jalala, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuweka kituo chake pale penye kelele za majiko. Michael Marcus, mhandisi wa FCC aliyeusukuma uamuzi wa 1985, aliona kwamba jalala hilo lingeweza kukaliwa na mitambo inayotumia mtawanyo wa masafa, yaani utaratibu wa kuusambaza ujumbe juu ya upana mkubwa wa masafa badala ya kuukusanya katika mstari mmoja mwembamba, ili kelele inayoharibu sehemu moja isiuharibu ujumbe wote.

Simulizi nyingi za Wi-Fi humtaja hapa mwigizaji Hedy Lamarr, ambaye pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil alipata hataza ya Marekani tarehe 11 Agosti 1942 kwa ajili ya mtambo wa kuongoza torpedo kwa kurukaruka katika masafa 88, idadi sawa na vibonye vya piano. Ubunifu huo ni wa kweli na unastahili heshima yake, lakini kumwita mama wa Wi-Fi ni kutia chumvi, kwa sababu viwango vya Wi-Fi vilivyoenea majumbani havikufuata njia ya kurukaruka masafa. Deni la moja kwa moja liko Hawaii, ambako Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha huko walianzisha mwaka 1971 mtandao wa ALOHAnet ili kuunganisha visiwa kwa redio. Katika mtandao huo kila kituo kilirusha pakiti yake ya data wakati wowote kilipotaka, na pale pakiti mbili zilipogongana, kila kituo kilisubiri kwa muda wa kubahatisha kisha kikarudia. Wi-Fi imerithi tabia hiyo ya kurudia, na ni urithi wenye matokeo yanayoonekana nyumbani: mawimbi yanapokuwa hafifu, mtandao mara nyingi haukatiki papo hapo, bali hurudiarudia pakiti zilizopotea na kupunguza kasi hatua kwa hatua, hata mtumiaji akadhani kwamba tatizo liko kwenye intaneti yenyewe.

Waliotangulia kutaka mtandao usio na waya hawakuwa wakaazi wa nyumba bali wenye maduka. Kampuni ya NCR, iliyojulikana kwa mashine za kuhesabia fedha, ilikuwa na tatizo la kila msimu: mpangilio wa duka ukibadilika, waya za mashine nazo hazina budi kung'olewa na kutandazwa upya. Wahandisi wake wa Uholanzi walitengeneza kifaa kilichoitwa WaveLAN, na mmoja wao, Vic Hayes, akaongoza kwa miaka kumi kuanzia 1990 kamati ya Taasisi ya Wahandisi wa Umeme na Elektroniki (IEEE) iliyopewa namba 802.11. Kiwango cha kwanza, yaani maafikiano ya kiufundi yanayowezesha vifaa vya watengenezaji tofauti kuelewana, kilipitishwa mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Miaka miwili baadaye kilifuatwa na kiwango cha 802.11b chenye megabiti 11.

Mageuzi yaliyoiingiza teknolojia hiyo nyumbani yalianza tarehe 21 Julai 1999, Apple ilipotangaza kompyuta mpakato ya iBook mjini New York. Kadi ya redio iliuzwa dola 99 na kituo cha kurushia dola 299, bei ambayo familia ya tabaka la kati nchini Marekani iliimudu. Jambo lililopewa uzito mdogo wakati huo, ambalo kwa historia ya mawimbi dhaifu ni kubwa kuliko bei, ni kwamba antena za iBook zilijengwa ndani ya mwili wa kompyuta. Kompyuta mpakato nyingine za miaka hiyo zilipokea kadi iliyochomekwa ubavuni, ambayo ncha yake ya plastiki, iliyobeba antena, ilitokeza sentimita chache tu usawa wa meza. Mahali pabaya zaidi ni vigumu kupata: chini kuna meza, ambayo huenda ni ya chuma; pembeni kuna mkono na kiwiliwili cha mtumiaji, ambavyo kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4.

Intel ilipoingiza sokoni mfumo wa Centrino mwezi Machi 2003, redio ya Wi-Fi ikaanza kuwa sehemu ya kawaida ya kompyuta mpakato, na antena zikahamia mahali palipo juu zaidi, yaani kwenye kingo za kioo. Mafundi wa kompyuta wanaufahamu mpangilio huo kwa vidole. Kutoka kwenye kadi ndogo iliyo ndani ya kompyuta hutoka nyaya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe au ya kijivu, ambazo hupita kwenye bawaba za kifuniko na kupanda pembezoni mwa kioo hadi juu. Waya hizo hunasa kwenye kadi kwa vifungo vidogo vya shaba, na iwapo kifungo kimoja kimechomoka wakati kioo kinabadilishwa, au waya imekatika kwa kufunguliwa na kufungwa kwa kifuniko miaka nenda rudi, kompyuta hiyo hushika mtandao vizuri ikiwa karibu na ruta na kuupoteza kabisa ikivuka mlango. Ganda la chuma nalo lilileta tatizo lake, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi ya redio. Kompyuta ya Apple ya mwaka 2001 iliyovishwa titani ilijulikana kwa kushika mtandao kwa udhaifu kuliko iBook ya plastiki, na watengenezaji wakajifunza kuacha ukanda wa plastiki kwenye bawaba au ukingoni ili antena ipumue.

Kizuizi kilichosumbua wanasayansi zaidi, hata hivyo, hakikuwa ukuta unaozuia mawimbi bali ukuta unaoyarudisha. Ndani ya chumba mawimbi hufika kwenye kompyuta kwa njia nyingi kwa pamoja: mengine moja kwa moja, mengine baada ya kugonga dari, kabati la chuma au kioo cha kujitazamia. Mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 katika kila nanosekunde, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo wimbi lililozunguka njia ndefu kwa mita 15 huchelewa nanosekunde 50. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde kila biti ina nafasi ya nanosekunde 10 tu, na mwangwi wa biti moja huangukia juu ya biti ya tano inayofuata. Zaidi ya hayo, mawimbi mawili yanayofika yakiwa yamepishana nusu ya urefu wa wimbi hufutana, na kwa kuwa wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, chumba kimoja huwa na madoa ya ukimya yaliyotengana kwa sentimita chache. Hii ndiyo sababu kuisogeza kompyuta kwa upana wa kiganja huweza kurudisha mtandao uliokuwa umepotea, jambo ambalo wengi hulifanya kwa mazoea na kulihesabu kuwa bahati.

Suluhisho lilitoka Australia, kwa watu waliozoea kutazama nyota. John O'Sullivan alikuwa amejishughulisha katika miaka ya 1970 na utafutaji wa mipasuko midogo ya redio iliyodhaniwa kutoka kwenye mashimo meusi yanayolipuka. Mipasuko hiyo hakuipata, lakini hisabati ya kusafisha mawimbi yaliyovurugika ilibaki mikononi mwake. Akiwa na Terry Percival, Diethelm Ostry, Graham Daniels na John Deane katika shirika la utafiti la taifa, CSIRO, aliielekeza hisabati hiyo kwenye mwangwi wa vyumbani, na hataza yao ya Marekani ikatolewa mwaka 1996. Kiini cha ubunifu wao kilikuwa kuugawa mkondo mmoja wenye kasi kubwa kuwa mikondo mingi ya polepole inayosafiri sambamba, kila mmoja katika masafa yake, ili kila alama idumu muda mrefu wa kutosha mwangwi wake ufe kabla ya alama inayofuata. Kiwango cha 802.11a cha mwaka 1999, na kile cha 802.11g kilichokifuata mwaka 2003 katika gigahezi 2.4, vilitumia mikondo 52 ya namna hiyo na kufikia megabiti 54. Kampuni kubwa za kompyuta zilipinga kulipia hataza hiyo hadi mahakamani, na kufikia mwaka 2012 CSIRO ilikuwa imepata zaidi ya dola milioni 400 za Australia kutokana na maridhiano.

Wakati maabara zikishughulika na mwangwi, watu wa kawaida walishughulika na antena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchini Marekani kopo la chipsi za Pringles na makopo mengine ya vyakula yaligeuzwa kuwa antena zinazokusanya mawimbi kuelekea upande mmoja, na nchini New Zealand kulienea mbinu iliyoifaa hasa kompyuta mpakato: kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye tundu la USB kilifungwa katikati ya chujio la waya la mapishi ya Kichina, lenye umbo la sahani iliyobonyea, kisha kikaunganishwa na kompyuta kwa waya wa mita kadhaa. Werevu wa mbinu hiyo ulikuwa kwamba redio nzima ilihamishwa hadi dirishani au juu ya paa, na data ikarudi kwa waya wa USB bila kupungua, tofauti na waya wa antena ambao hula nguvu ya mawimbi katika kila mita. Mafanikio ya mbali kabisa yalipatikana Venezuela mwaka 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzake walipounganisha milima miwili iliyo umbali wa kilomita 382 kwa Wi-Fi na antena za sahani. Mawimbi yaleyale yanayoshindwa kuvuka kuta mbili za mawe yalivuka umbali unaokaribia ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa ndege, kwa kuwa kati ya vilele hivyo hapakuwa na kitu isipokuwa hewa.

Kundi jingine lilijaribu njia ya nguvu. Ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa 2002, iligunduliwa kuwa inaendeshwa na Linux, na leseni ya programu hiyo ikamlazimu mtengenezaji kutoa msimbo wake hadharani. Kutokana na msimbo huo zilizaliwa programu mbadala kama OpenWrt na DD-WRT, ambazo zilimruhusu mwenye ruta kuongeza nguvu ya kurusha kupita kiwango cha kiwandani. Matokeo yaliwavunja moyo wengi, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa kosa hilo bado linarudiwa na wanunuzi wa ruta zenye antena nyingi ndefu. Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili: kila pakiti inayopokewa na kompyuta ni lazima ijibiwe kwamba imefika, na redio ya kompyuta mpakato, inayotegemea betri, kwa kawaida hurusha kwa nguvu ndogo kuliko ya ruta. Mtu aliyeko barazani akiongeza sauti, aliyeko uani atamsikia, lakini jibu lake la chini litaendelea kupotea njiani. Kompyuta huonyesha vijiti vyote vya mtandao na kurasa hazifunguki. Antena bora husaidia kwa sababu huimarisha kusema na kusikia kwa pamoja; nguvu pekee huimarisha upande mmoja.

Hatua iliyofuata iligeuza mambo juu chini. Utafiti wa Arogyaswami Paulraj na Thomas Kailath wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliopata hataza mwaka 1994, na ule wa Gerard Foschini wa Bell Labs mwaka 1996, ulionyesha kwamba kifaa chenye antena kadhaa kinaweza kuutumia mwangwi badala ya kuukimbia, kwa kuwa kila njia inayopitwa na mawimbi chumbani inaweza kubeba mkondo wake wa data iwapo mpokeaji ana antena za kutosha kuzitenganisha. Kiwango cha 802.11n cha mwaka 2009 kiliuingiza utaratibu huo majumbani, na cha 802.11ac cha mwaka 2013 kikaweka kanuni moja ya kuelekeza mawimbi upande alipo mtumiaji. Kuta zilizokuwa adui zikawa, kwa kiasi fulani, vibarua.

Kwa kiasi fulani tu, kwa sababu hisabati haipenyezi mawimbi kwenye jiwe. Sehemu kubwa ya vifaa hivi ilibuniwa na kujaribiwa katika nchi ambako nyumba nyingi zimegawanywa kwa mbao na jasi, vitu ambavyo mawimbi huvipita kwa hasara ndogo, na vilipowasili Afrika Mashariki vilikutana na ujenzi wa aina nyingine. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, zikaiondoa kanda hii katika utegemezi wa setilaiti, na tangu hapo ruta zimeenea kutoka maofisini hadi sebuleni. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika mji wa Lamu kuta za nyumba za zamani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina unene wa takribani nusu mita, na chokaa hiyo hunywa unyevu wa pwani, jambo linaloongeza hasara ya mawimbi. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo mawimbi yanayokwenda ndani hukutana na ukuta mwingine kila baada ya mita mbili na nusu au tatu. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iliyotapakaa Dar es Salaam, ina bahati zaidi, kwa kuwa ukumbi wake wa kati hutoa mahali ambapo ruta huona milango yote. Ruta ikitundikwa huko juu ya usawa wa milango, kila chumba hutenganishwa nayo kwa ukuta mmoja tu.

Hata hivyo, mahali ruta inapokaa pwani na bara mara nyingi huamuliwa na jambo lisilozingatiwa na vitabu vya maelekezo. Nyumba nyingi hazina waya wa intaneti, na ruta zake hutumia laini ya simu, ambayo inahitaji nayo kuusikia mnara. Chini ya paa la mabati na nyuma ya kuta za tofali, mahali ambapo mnara unasikika vizuri ni dirishani, na mara nyingi hilo ni dirisha la chumba cha mwisho, huku anayefanya kazi na kompyuta akiwa upande wa pili wa nyumba. Ruta ikiwekwa katikati hupoteza mnara. Ikiwekwa dirishani huipoteza kompyuta. Kifaa cha kurudia mawimbi kilichomekwa katikati ya njia huokoa hali kwa gharama, kwa kuwa chenye redio moja hulazimika kusikia kisha kusema kwa zamu, na hivyo hukata kasi kwa takribani nusu. Mifumo ya vituo kadhaa vinavyoshirikiana, iliyoanza kuuzwa kwa ajili ya nyumba mwaka 2016 na kampuni kama Eero na Google, hupunguza hasara hiyo pale inapokuwa na redio ya ziada kwa mazungumzo ya vituo vyenyewe, lakini ukuta wa nusu mita huizuia redio hiyo sawa na zile nyingine. Katika nyumba za mawe njia ya uhakika imebaki kuwa ileile ambayo wenye maduka wa NCR walitaka kuikwepa: waya kutoka ruta moja hadi nyingine.

Mwezi Aprili 2020 FCC ilifungua megahezi 1,200 nyingine katika gigahezi 6, na uhuru mpya ukaja na masharti makali kuliko ya 1985. Masafa hayo tayari yalitumiwa na viungo vya redio vya mashirika ya umeme, maji na simu, kwa hiyo vituo vya nyumbani vya nguvu ndogo viliruhusiwa ndani ya majengo pekee: visiwe na betri, visiwe na ganda la kuhimili mvua, na antena zake zisiweze kubadilishwa. Kopo la chipsi halina nafasi tena katika masafa hayo. Hesabu za usalama wa viungo hivyo zinategemea kwamba kuta za nyumba zitafyonza sehemu kubwa ya nguvu kabla haijatoka nje, na hivyo ukuta umeandikwa ndani ya sheria kama sehemu ya mtambo.